Debe Tupu Haliachi Kuvuma: Kwa Wenye Kompyuta Zinazonguruma Usiku

Leo naweka siasa kando, na habari za viza nazo zisubiri. Nataka kugombana na watu wengine kabisa: vijana wetu (na watu wazima wachache, najua mpo) wenye kompyuta kubwa za kuchezea gemu, wanaoamini kwamba mashine ikinguruma kama ya kusaga unga ndiyo imeiva. Nitagombana pia na wanaojidai wameshapata dawa, wale wanaokimbilia kasha lililofungwa pande zote, lenye mlango mbele na sponji ndani, eti kwa sababu tangazo lake limeandikwa "kimya". Kundi la kwanza lina kelele na halioni aibu. La pili limelipia kimya na kelele bado linayo. Nasema wote wamepotea, na hoja zangu hizi hapa.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Nyumbani wengi tulizoea kuliita lile kasha zima "CPU", wakati CPU yenyewe ni prosesa, kile kidude kidogo kilichojificha ndani. Huku kuna tatizo jingine, neno boksi limeshachukuliwa. Ukisema boksi mtu anafikiria ghala, shifti na maumivu ya mgongo. Basi mimi nitasema kasha. Ndani ya kasha kuna prosesa, kuna ubao mama (mafundi wanasema mazabodi), kuna pawa saplai, na kuna kadi ya michoro, ambayo ndiyo bwana mkubwa wa mashine ya gemu, mla umeme na mtoa joto namba moja.

Kwa nini nijisumbue na jambo dogo hivi? Kwa sababu ya namna tunavyoishi. Wengi wetu hapa Uingereza tunapanga vyumba katika nyumba moja, watu wanne, watano, choo kimoja, jiko moja. Kuta za ndani ni mbao na jasi, mtu akikohoa chumba cha pili unamwambia pole. Na ratiba zetu hazifanani. Mmoja anatunza wazee usiku kucha, analala saa tatu asubuhi. Mwingine anaamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la ghalani. Halafu katikati yao kuna bwana mdogo mmoja mwenye mashine ya nguvu, anacheza mpaka saa nane za usiku, amevaa hedifoni, yeye hasikii kitu. Feni zake tunazisikia sisi.

Msinijibu kwamba ni kelele ndogo. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1999 lilishauri kwamba ili mtu alale vizuri, kelele ya mfululizo chumbani isizidi desibeli 30. Hapa Uingereza ipo Sheria ya Kelele ya mwaka 1996, inayohusu kelele za usiku kati ya saa tano na saa moja asubuhi, kutoka makazi ya mtu kwenda makazi ya mwenzake. Kiwango chake cha chini ni desibeli 34 pale ambapo mazingira yenyewe ni tulivu. Kwa hiyo jambo hili limefikiriwa mpaka na watunga sheria. Lakini tusemezane ukweli, nani kati yetu atamwita afisa wa halmashauri aje na kipimo kumpima Mswahili mwenzake? Hatuendi huko. Tunabaki na adabu, na adabu kwa mwenye mashine inaanzia kwenye kasha analonunua.

Haya, nianze na kundi la kwanza, wale wa "nguvu lazima ingurume".

Hoja yao ni kwamba mashine kubwa lazima iwe na sauti kubwa, kama vile lori haliwezi kuwa na sauti ya baiskeli. Hoja hii ina kasoro moja: prosesa na kadi ya michoro hazina injini. Hazina pistoni wala giya. Zinafanya kazi bila kitu chochote kuzunguka. Kinachopiga kelele ni feni, na feni ipo kwa ajili ya kuondoa joto tu. Kelele basi haipimi nguvu ya mashine, inapima jinsi mashine inavyohangaika kupumua. Mtu anayehema sana baada ya kupanda ngazi kumi hatumsifu kwamba ana mapafu makubwa. Wahenga walishatuambia debe tupu haliachi kuvuma, na wakaongeza kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Historia nayo inawasuta. Mwaka 2003 kampuni ya Nvidia ilitoa kadi iliyoitwa GeForce FX 5800 Ultra. Feni yake ilikuwa na kelele za ajabu kiasi kwamba watu waliifananisha na mashine ya kufyonza vumbi, na wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo wakatengeneza video ya kujitania wenyewe. Kadi ile haikusifiwa kwa ngurumo. Ilichekwa. Leo kadi zenye nguvu mara nyingi kuliko ile zinakuja na hitisinki nene na feni tatu kubwa zinazozunguka taratibu, na zikipewa hewa ya kutosha husikiki ukilalamika. Zikipewa hewa, nimesema. Tulia hapo, tutarudi.

Sasa kundi la pili, ambalo ndilo linaloniudhi zaidi, maana lina nia njema na linadanganywa.

Kundi hili linakwenda dukani na kusema "nataka kasha la kimya". Muuzaji anawaonyesha kasha zito, jeusi, limefungwa mbele kwa mlango, ubavuni kumebandikwa sponji, juu kumezibwa. Wanaligonga kwa vidole, linatoa sauti ya "du", wanafurahi. Wanalipa. Wanafika nyumbani wanaweka ndani yake kadi inayokula wati 450. Baada ya nusu saa ya gemu linaanza kuimba.

Kuna kijana ninayemfahamu aliyepitia hayo. Alinunua kasha la namna hiyo, la bei kubwa, kwenye duka ambalo sitalitaja. Wiki ya kwanza alikuwa akicheza mlango wa mbele ukiwa wazi, maana ukifungwa feni zinapiga mayowe. Wiki ya pili akatoa ubao wa pembeni. Mwezi wa pili lile kasha la kimya lilikuwa limekaa uchi kabisa chini ya meza, mlango umeegemezwa ukutani, sponji zinakusanya vumbi, na feni ya mezani inalipuliza kutoka nje. Na kesho yake ukimuuliza atakwambia kasha ni zuri, tatizo ni kadi. Jamani!

Tatizo si kadi. Tatizo ni hesabu, na hesabu yenyewe haihitaji digrii. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta unageuka joto, karibu wote, hauna pa kwenda pengine. Mashine ikila wati 600, ndani ya kasha kuna hita ya wati 600. Ili hewa inayopita humo isiongezeke joto kwa zaidi ya nyuzi 10 hivi, unahitaji kupitisha kama lita 50 za hewa kila sekunde. Hizo ni debe mbili na nusu za hewa, kila sekunde, bila kupumzika. Ukipitisha nusu yake, yaani lita 25, ongezeko linakuwa nyuzi 20. Chumba kikiwa na nyuzi 22, hewa inayotoka inafika nyuzi 42, na hapo hatujataja joto la chipu yenyewe. Sasa niambie, debe mbili na nusu kwa sekunde zitapita wapi kama mbele umeweka mlango na pembeni umeacha vijitundu kama vya chumvi?

Hewa ikikosa njia, kinachofuata kinajulikana. Kadi inapata joto, inaziamuru feni zake ziongeze kasi. Prosesa inapata joto, feni yake nayo inaongeza kasi. Feni za kasha zinaongeza kasi zikijaribu kuvuta hewa kupitia tundu jembamba, na hewa inayolazimishwa kupita tundu jembamba inapiga mluzi wake yenyewe. Umenunua sponji ili kuzuia kelele, na sponji pamoja na mlango vimezalisha kelele nyingi kuliko vinavyoweza kuzuia. Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Kwenye kompyuta, mficha joto ni feni zitamuumbua.

Na sponji yenyewe tusiipe sifa isizokuwa nazo. Sponji nyembamba ya milimita chache inapunguza sauti kali za juu, zile za "siii". Mvumo mzito wa chini, ule wa "mmmm" unaopenya ukuta na kuingia kwenye mto wa jirani, sponji hiyo haiugusi. Vipande vizito vya lami vinavyobandikwa ndani ya makasha mengine vina kazi tofauti: vinazuia bati lisitetemeke. Kazi hiyo ni halali, lakini bati nene lililofungwa vizuri skrubu zake linakaribia kuifanya lenyewe. Hakuna sponji wala lami inayoondoa joto hata nyuzi moja.

Mtu atasema, mbona zamani makasha ya kufungwa yalisifiwa? Swali zuri, na nawajibu kwa heshima. Yalisifiwa kwa sababu wakati ule yalikuwa sahihi. Mwaka 2002 Mike Chin alianzisha tovuti ya Silent PC Review, iliyofundisha watu wengi kusikiliza kompyuta zao. Mwaka 2005 kampuni ya Antec ikatoa kasha la P180, ambalo yeye alishiriki kulibuni: kuta za tabaka tatu, mlango mbele, na pawa saplai imetengewa chumba chake. Lilikuwa kasha la akili. Lakini kumbuka ndani ya mashine za wakati ule kulikuwa na nini. Kulikuwa na diski ngumu zinazozunguka na kukwaruza usiku kucha, mbili au tatu, na ukuta mzito ulisaidia kweli kuzinyamazisha. Kadi za michoro nazo zilikula umeme mdogo kuliko wa leo.

Leo diski ngumu zimeondoka kwenye mashine nyingi za gemu, tunatumia SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka na haina sauti. Kile kilichofanya ukuta mzito uwe na maana kimeondoka. Joto nalo limepanda: RTX 3080 ya mwaka 2020 ilipangiwa wati 320, RTX 4090 ya mwaka 2022 wati 450, RTX 5090 ya mwaka 2025 wati 575. Kadi peke yake! Dawa ya mgonjwa wa 2005 wanampa mgonjwa wa leo, halafu wanashangaa haponi.

Niwe mkweli, wapinzani wangu wana pointi mbili na sitazificha. Ya kwanza, mashine ikiwa imepumzika, mtu anasoma barua pepe au anaangalia mpira, kasha lililofungwa linaweza kuwa kimya kidogo zaidi. Ya pili ni mluzi wa koili. Kadi nyingine zina koili zinazotetemeka umeme mwingi unapopita, zinatoa sauti kama ya mbu, na kasha la wazi linaiachia sauti hiyo itoke. Nakubali yote mawili. Mwenye kompyuta ya ofisini, au mwenye kadi ndogo ya wati 150, akitaka kasha lenye mlango na sponji anunue kwa amani, sina ugomvi naye. Nagombana na anayechukua mashine ya wati 600 na kuifungia kabatini. Mashine ya gemu inapumzika ikiwa imezimwa. Ikiwashwa inafanya kazi, na ndipo majirani wanapohitaji kimya.

Kuna kundi la tatu sikulitaja mwanzoni, nalo nitalipitia haraka: watu wa kioo na taa. Kasha lina kioo mbele, kioo pembeni, kioo juu, na ndani taa za rangi kumi kama basi la harusi. Kioo hakipitishi hewa. Ni mlango ule ule wa kundi la pili, tofauti ni kwamba huu unaona kupitia. Ukitaka kioo, kiwe ubavuni, uangalie mapambo yako mpaka uchoke. Mbele pawe pa kupumulia. Kuna makasha yenye kioo mbele yanayovutia hewa kutoka chini na ubavu wa pili, na mengine yanafanya kazi nzuri. Ila angalia tundu za hewa kabla ya kuangalia taa. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Na wale wa maji? "Mimi nitaweka kipozeo cha maji, nitakuwa nimemaliza." Hujamaliza. Maji hayali joto, yanalibeba tu kutoka kwenye prosesa kulipeleka kwenye rejeta. Rejeta inahitaji feni, na feni zinahitaji hewa, tumerudi pale pale. Juu ya hapo umeongeza pampu, ambayo nayo ina mvumo wake. Hitisinki kubwa ya hewa yenye feni mbili za taratibu, ndani ya kasha linalopumua, inatosha prosesa nyingi za gemu. Ryzen 7 7800X3D, iliyotoka mwaka 2023 na kupendwa sana na wacheza gemu, imepangiwa wati 120 tu. Huhitaji bomba la maji kwa hiyo.

Sasa nimebomoa vya kutosha, nijenge. Kasha la mashine ya gemu yenye nguvu linachaguliwaje ili watu walale?

La kwanza, uso wa mbele uwe chekeche. Wavu wazi, unaoweza kuona mwanga ukipita ukiushika mbele ya taa. Ukipuliza kwa mdomo upande mmoja, usikie pumzi yako kwa mkono upande wa pili. Kipimo hicho hakigharimu kitu na kinamshinda muuzaji yeyote. Msishangae nikisema kasha lenye matundu mengi ndilo linalotoa kelele kidogo, maana kelele inazuiwa pale inapozaliwa, si pale inapotokea. Kumzuia mtoto asilie, mpe maziwa. Usimfunge mdomo.

La pili, feni kubwa. Hapa kuna siri ambayo watu hawaambiwi. Kwa makadirio ya wahandisi, ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, kelele yake inashuka kama desibeli 15. Ukiongeza feni ya pili inayofanana nayo, kelele inapanda desibeli 3 tu. Maana yake feni mbili za nusu kasi zinaweza kusogeza hewa ile ile ya feni moja ya kasi kamili, zikiwa na kelele pungufu kwa desibeli 12 hivi. Na kwa sikio la binadamu, desibeli 10 pungufu ni kama kelele imekatwa nusu. Kwa hiyo anayekwambia "punguza feni ili upate kimya" hajui anachosema. Ongeza feni, punguza kasi. Chukua za milimita 140 kama kasha linakubali, maana eneo lake linazidi la milimita 120 kwa zaidi ya theluthi. Yapo makasha yenye feni za milimita 180, hizo ni kama pangaboi.

La tatu, vipimo vya nafasi. Kadi za leo ni ndefu, nyingine zinapita milimita 330. Hitisinki kubwa kama NH-D15 ya Noctua ina kimo cha milimita 165. Pima kwanza. Kadi inayobanana na feni za mbele, au kioo kinachogusa kadi kwa pembeni, ni kelele uliyoinunua kwa mkono wako.

La nne, vichujio vya vumbi vinavyotoka bila kuhitaji bisibisi. Nyumba zetu zina mazulia, na mazulia yana vumbi. Chekeche bila kichujio kinachosafishika litaziba ndani ya miezi michache, na likiziba linakuwa mlango. Osha, kausha, rudisha. Kama unaosha masufuria unaweza kuosha kichujio.

Mkitaka majina nitawapa ya mfano, na sijalipwa na mtu. Fractal Design, Waswidi wa Gothenburg, walijijengea jina kwa makasha ya Define, yenye lami na mlango. Lakini mwaka 2017 wao wenyewe walitoa Meshify C yenye uso wa wavu, mwaka 2021 wakatoa Torrent yenye feni mbili za milimita 180 mbele, na mwaka 2022 North yenye vijiti vya mbao mbele, hewa ikipita katikati yake. Be quiet!, Wajerumani ambao jina lao lenyewe ni amri ya kunyamaza, mwaka 2020 walitoa Pure Base 500DX, uso wa wavu na feni tatu za milimita 140. Wauza kimya wenyewe wamefungua madirisha. Sisi bado tunanunua milango!

Kasha likishapatikana, kazi bado moja, nayo haina gharama. Ingia kwenye BIOS uzipangie feni kasi. Zikiachwa zilivyotoka kiwandani, nyingi hupanda na kushuka kila prosesa inapopiga chafya, na sauti inayopanda na kushuka inaudhi kuliko ile ya sawasawa. Ziweke zitulie, zichelewe kidogo kupanda na zichelewe kushuka. Kisha pangia kadi ukomo wa umeme. Ukiikata asilimia 15 au 20 ya wati zake, kadi nyingi kubwa zinapoteza asilimia chache tu za kasi, hutaona tofauti kwa jicho, ila sikio litaona. Weka pia ukomo wa fremu kulingana na skrini yako. Mashine inayozalisha fremu 300 kwa sekunde kwenye skrini ya 144 inapika pilau la watu 300 kwa wageni 144. Mengine yote ni joto na kelele.

Na mahali pa kuiweka. Usiisukumizie kwenye kona ya meza iliyozibwa nyuma, itakuwa inavuta hewa yake chafu yenyewe. Usiiegemeze kwenye ukuta wa jirani, maana ukuta wa mbao unageuka ngoma. Iache iwe na nafasi ya kiganja na nusu pande zote, miguu yake ya mpira ikae juu ya kitu kigumu, si juu ya zulia linaloziba tundu za chini. Ukiweza kuisogeza mbali na sikio lako, na la mwenzako, isogeze. Mahali pa wazi, umbali ukizidishwa mara mbili kelele inashuka desibeli 6. Chumbani ni pungufu kwa sababu ya kuta, lakini bado inashuka.

Najua hoja itakayobaki: pesa. "Kasha zuri ni ghali, nitaweka pesa kwenye kadi." Hapa ndipo ninapochoka. Mtu anatoa mshahara wa mwezi mzima wa shifti za usiku akanunue kadi, halafu kasha ananunua la bei ya chini kuliko viatu vyake, tena anajisifu amebana matumizi. Ni kununua Land Cruiser na kuziba rejeta kwa kanga. Kadi utaibadilisha baada ya miaka mitatu minne. Kasha halizeeki hivyo. Muundo wa ATX unaoamua ubao mama unafungwa wapi ulitolewa na Intel mwaka 1995, na mpaka leo ndio unaotumika. Kasha zuri la leo litabeba kadi ya leo, ya kesho, na huenda ya mwanao. Katika mashine yote hakuna kifaa kinachodumu kama hicho, na ndicho mnachokifanyia ubahili.

Tena makasha mengi mazuri ya chekeche yana bei ndogo kuliko yale ya milango na sponji, maana huuziwi sponji. Kwa hiyo hata kwa mkono wa birika hoja haisimami.

Nimalizie kwa neno moja kwa vijana wetu. Mimi sina ugomvi na gemu. Ukitoka kazini, baridi nje, giza saa kumi jioni, nduguzo wako mbali, mtu anahitaji kitu cha kumfurahisha, na heri gemu kuliko mengi ninayoyaona huku. Chezeni. Jengeni mashine za nguvu, mwenye uwezo aweke hata hiyo ya wati 575. Ila chumba cha pili kuna dada amesimama saa 12 akiwageuza wazee kitandani, na amebakiwa na saa tano za kulala kabla hajarudi tena. Pesa anayotuma Tanga mwisho wa mwezi inatoka kwenye zile saa tano. Feni yako inayolia kwa sababu umeifungia mlango inazila saa hizo, na yeye kwa heshima hatakuja kukugongea.

Basi fungueni uso wa kasha, hewa ipite, watu walale. Mwenye hoja ya kutetea mlango na sponji kwenye mashine ya wati 600, namkaribisha kwa mikono miwili, ila aje na vipimo vya joto na desibeli baada ya saa nzima ya gemu, mlango ukiwa umefungwa. Asije na tangazo la dukani.